"Generalize" haiko ruhusa ya kusemea muji muzima!!

Bandugu niko na kasirani kweli. Mi ni mutu wa kutafsiri, Kingereza na Kiswahili, hapa Goma. Mwezi uliopita tulienda mu kartie ya Majengo kuuliza bamama juu ya maji, robine moja tu, asubuhi moja tu, bamama nane njo balijibu, bengine balikatala kuacha babido yao mu mustari. Kwa bale nane, batano balisema habachemushake maji. Kisha siku tatu raporo inatoka kwa Kingereza eti batu ba Goma "generally" habachemushake maji ya kunywa. Goma yote!!

Naenda kwa shefu, ananijibu "generally" haimaanishe bote, ni mara nyingi tu, kwa hiyo hakuna bongo. Sawa, kwa Kingereza ni vile. Lakini mara nyingi ya nani? "Generalize" ni kutoka kwa bachache benye uliona uende kwa bengi benye haukuona, na haiko zambi, hata dawa banajaribu kwanza kwa batu bachache, lakini bale bachache banachaguliwa na akili. Mama muuza maharagi anajua ile bila masomo: gunia ikifika haangalie ya yulu tu, anaingiza mukono paka chini, juu anajua nzuri njo banawekaka pa mudomo.

Na kutia ile raporo mu Kiswahili njo iliniua. "Generalize" banaitafsirika kujumlisha, lakini kwetu kujumlisha ni kuhesabu moja moja paka mwisho, njo jumla inapatikana. Utajumlisha aje kitu haukuhesabu? Nikaandika "watu wengi wa mji" na roho inaniuma, bakaisoma mbele ya bamama bale bale ba Majengo, mama moja akasimama na mutoto mu mugongo: "Mie nachemushaka kila mangaribi, makala nanunua na pesa yangu, nani aliwaambia?" Shefu akaniangalia mi!! Kama vile ni mi nilisema.

Na ile "general" mizizi yake ni Kilatini, genus, maana yake aina, ukoo. Sisi ba hapa tunajua vile inaumaka, mutu moja akikosa kabila yote inabeba, halafu bageni nao banatuletea ile ile mu makaratasi.

Niliomba barekebishe mustari moja: bamama batano kati ya nane, robine moja, Majengo. Basi. Wiki ya pili leo, hakuna jibu, na raporo inazidi kutembea.