Wakufunzi wapya wa gym waanze kufundishwa nini?

Swali: Ndugu zangu, nasimamia gym ndogo Dodoma, niwafundishe nini wakufunzi wapya ili wasimdhuru mteja mwenye shinikizo la damu?

Jibu: Wafundishe kuuliza kabla ya kugusa chuma: maumivu ya kifua, kizunguzungu, dawa anazotumia. Akikubali lolote, amwone daktari kwanza.

Jibu: Naongezea pumzi, ambayo wengi huisahau. Mteja anayebana pumzi anaponyanyua chuma hupandisha shinikizo ghafla, hivyo mkufunzi asimame ubavuni, amtazame mdomo na shingo, amwelekeze atoe pumzi anaponyanyua na avute anaposhusha.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Jana nilimkuta mmoja akihesabu huku akitazama simu, ilhali mgongo wa mteja umepinda, nitaanzia hapo.

Jibu: Kwa mgongo huo, mwekee mteja mpini wa ufagio wima mgongoni anapoinama, uguse kisogo, mgongo wa juu na sehemu ya juu ya matako; ukiachana na mwili, aache zoezi.