Mjadala: Mtoto mwenye usonji aanzie kitengo au darasa la kawaida?

Chaki Nyeupe (mleta mada)
Wadau, hoja yenyewe hii. Shule nyingi za msingi za serikali hapa Tanzania zinazopokea watoto wenye usonji zinatumia kitengo: chumba chao, mwalimu wao wa elimu maalumu, ndani ya uzio uleule. Kwenye makaratasi mtoto anakaa hapo kwa muda, akishazoea anahamia kwa wenzake. Kwa vitendo anaingia na miaka saba, na akifika kumi na nne bado yumo humohumo, kachanganywa na wenye ulemavu wa akili wa kila umri. Msimamo wangu: mtoto anayeongea na kushika hesabu aandikishwe darasa la kawaida tangu siku ya kwanza, kitengo kimpe msaada wa saa chache tu. Pingeni kwa hoja.

Mwl. Kitengo
Mkuu, unaandika utadhani darasa lina watoto 45. Hicho ndicho kiwango, mwalimu mmoja kwa 45, lakini tangu Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulipofuta ada na michango yapo madarasa ya mjini yanayopita mia. Watoto wanne wamebanana dawati la watatu, paa la bati halina dari, mvua ikinyesha mwalimu hajisikii mwenyewe. Mtoto ambaye kelele zinamuumiza kabisa masikio, unamweka hapo uite haki? Na mwalimu wa darasa la kwanza hakusomea mambo haya. Aliyesomea, tuseme pale Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu, Arusha, kapangiwa kitengo.

Kaunta Buku
Wote mna hoja, ila hamjagusa kinachokwamisha. Shule ikiamua kumchanganya mtoto wa kitengo huanza na mstarini, mapumziko na michezo, kwa hesabu kwamba huko hakuna somo la kumshinda. Kumbe kwa wengi wao hizo ndizo saa ngumu kuliko zote. Rimu ya gari inagongwa, mamia ya watoto wanakimbia kila upande, hakuna mpangilio, hajui kitafuata nini. Anaziba masikio, anapiga kelele, anamsukuma mwenzake. Kesho yake inaandikwa "hawezi kuchangamana", anarudishwa kitengo, na faili linafungwa.

Anzeni na somo moja analoliweza. Mara nyingi ni Hisabati, maana kanuni zake hazibadiliki na maneno ni machache (si wote, wapo wanaosoma kama maji na Hisabati hawataki kuiona). Kipindi cha darasa la tatu kwenda juu ni dakika 40. Wiki ya kwanza akae dakika 15 tu. Aingie kabla wenzake hawajarudi kutoka mapumziko, wamkute ameshakaa. Akiingia darasa limejaa, macho yote yanamgeukia. Atolewe angali ametulia. Kosa linalorudiwa kila mahali: siku ya pili mwalimu anaona mambo shwari, anamwacha vipindi viwili mfululizo, mtoto anashindwa kuvumilia, na kinachokumbukwa na shule nzima ni ile vurugu ya mwisho. Ongezeni dakika tano baada ya siku tano tulivu. Wiki ikiharibika, bakini palepale.

Mahali pa kukaa: safu ya kwanza au ya pili, mwisho wa dawati upande wa ukutani, mbali na mlango na dirisha. Jirani awe mtulivu, na abadilishwe kila mwezi ili mtoto wa watu asigeuzwe yaya. Maagizo yatolewe moja moja. "Toeni madaftari." Subiri. "Andikeni tarehe." Subiri. Anayesema yote kwa pumzi moja, na ukurasa na namba ya swali juu yake, amewapoteza hata wale ambao hawana usonji.

Ratiba ya picha haina gharama. Manila moja ikunjwe mara tatu inatoa kadi nane: mstarini, Hisabati, uji, choo, nyumbani na kadhalika. Zibanwe kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Kila shughuli ikiisha, mtoto mwenyewe anabandua kadi na kuitia kwenye bahasha. Inaharibika siku walimu wana kikao cha ghafla, ratiba imebadilika, kadi zimebaki zilezile. Kwa hiyo kadi moja iwe na nyota, maana yake "leo kuna mabadiliko", na aonyeshwe mara tu mabadiliko yanapojulikana, kabla hayajamkuta.

Dada Mkunga
Na shule binafsi zinazomtaka mzazi amlete na kumlipa msaidizi wa mtoto, mnazisemaje?

Kaunta Buku
Dada, hapo pesa ni nusu ya tatizo. Msaidizi akigandana na mtoto kutwa, mwalimu anaacha kuongea na mtoto, anaongea na msaidizi. Baada ya muhula madaftari yamejaa alama za vema, mwandiko si wa mtoto. Akae nyuma, asaidie dawati zima, ashike kalamu ya mtoto pale tu mtoto alipoomba.

Mzee wa Kakamega
Huku Kenya vituo vya tathmini vya EARC vilianza 1984, KISE (Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya) ikafuata 1986, na sera ya 2018 inasisitiza elimu jumuishi. Karatasi tunazo. Lakini barua ya tathmini inayosema tu "ana usonji, apelekwe kitengo" haimfai mwalimu yeyote. Iandike anasoma mpaka wapi, anaweza kukaa dakika ngapi, sauti gani zinamsumbua, na anaombaje kwenda choo. Hilo la choo hupuuzwa, kisha mtoto anajikojolea darasani na inaitwa tabia mbaya.

Chaki Nyeupe
Asante mzee wangu. Niongeze fimbo, maana mnaikwepa. Kanuni za Tanzania Bara zilizorekebishwa 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vya mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Mtoto mwenye ADHD (hali ya kushindwa kutulia na kuwa makini) anayenyanyuka kila dakika tano anachapwa na yeyote aliye karibu, anakaa kwa hofu dakika mbili, ananyanyuka tena. Kwa nini kisiandikwe kwanza kinachotangulia? Daftari, safu tatu: kabla yake kulikuwa na nini, alifanya nini, kilifuata nini. Wiki mbili zinatosha kuonyesha kwamba, mathalani, hunyanyuka kila anaponakili ubaoni. Basi apewe nakala mezani, na atumwe kufuta ubao katikati ya kipindi.

Na mitihani? NECTA, Baraza la Mitihani, huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na 10 kwa kila saa ya masomo mengine. Lakini msimamizi hawezi kuzitoa siku ya mtihani kwa kumwonea mtoto huruma. Mwenye disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika) ambaye shule ilimwita mvivu miaka saba, jina lake linakwenda NECTA kama la wengine, bila kutajwa kuwa ana mahitaji maalumu, na dakika hizo hazipati.

Mwl. Kitengo
Dakika 15 nazikubali. Siku ya kwanza siikubali, acheni kwanza muhula mmoja wa kumjua. Na hamjajibu hili: mwalimu wa kitengo yuko peke yake. Akimsindikiza huyu kwenye Hisabati, waliobaki kitengoni anawaachia nani?

Kaunta Buku
Asimsindikize kila siku. Siku tatu za mwanzo aende, kisha mwalimu wa Hisabati amfuate mtoto mlangoni mwa kitengo. Na asivushe watoto wawili wiki moja. Mwalimu wa Hisabati akikataa, hapo suala ni la mwalimu mkuu, maana vipindi anavipanga yeye.