Naomba ushauri: kijiko cha fedha chenye chapa ya HB, ninunue au niache?

Mgeni_Leicester: Habari zenu wakuu. Niko Uingereza na nimeanza kukusanya vijiko vya zamani vya fedha. Kuna muuzaji ana kijiko kikubwa cha mezani, anataka pauni 120. Nyuma ya mpini kuna simba anayetembea, kichwa cha chui chenye taji, kichwa cha mfalme, herufi k ndogo na herufi HB zilizogongwa kwa mtindo wa mwandiko wa mkono. Ndani pamechongwa matunda na kupakwa dhahabu. Anasema ni kazi ya Hester Bateman, yule mama sonara wa London wa karne ya 18. Nimekipenda mno. Nitoe hela?

Sonara_Mstaafu: Mkuu, usitoe kwanza. Simba ni fedha halisi, sehemu 925 kwa 1,000. Chui ni alama ya London, na k ya mtindo huo ni herufi ya mwaka 1785. Sasa kikague kichwa cha mfalme. Chapa hiyo, ya kuonyesha ushuru umelipwa, ilianza Desemba 1784, na hadi 1786 ilididimizwa ndani, uso ukitazama kushoto. Baadaye ikawa ya kuvimba, ikitazama kulia. Ukikuta k na kichwa kilichovimba, achana nacho.

HB ni chapa ya Bateman kweli, aliiandikisha 1761 baada ya kufiwa na mumewe. Ila ni chapa ya karakana. Humo walikuwemo wanawe na mafundi wengine.

Kinachonikera ni hayo matunda. Vijiko vya 1785 vilitoka vitupu ndani. Mafundi wa enzi ya Victoria ndio walivichonga na kuvipaka dhahabu ili viuzike. Kazi ya mama yule ilikuwa ule wepesi wa umbo, nao umeshafunikwa. Mimi nisingenunua.

Binti_Pangani: Shikamoo mzee Sonara. Mimi ninavyo viwili vya matunda na navipenda, meza inapendeza. Ila kaka, bei ya Bateman usilipe.

Mgeni_Leicester: Asanteni sana. Kichwa kimedidimia. Anacho kingine kitupu, pauni 45, ncha imelika upande wa kushoto.

Sonara_Mstaafu: Kulika huko ni kawaida, waliokitumia walishika kwa mkono wa kulia. Mradi ncha haijachongwa upya ikawa fupi. Kipulizie pumzi mwishoni mwa mpini kama unavyofuta miwani: herufi za jina la mwenye kijiko zilizofutwa hujitokeza. Kisha bonyeza hapo kwa kidole gumba. Pakinepa, fedha imekwanguliwa mno. Pakiwa pagumu, chukua hicho.