Usaili wa tamthilia: sauti ilinikatika, na Jumamosi naitwa tena

Binti_Langoni:
Asalaam aleikum nyote. Niko Lamu. Wiki jana nilikwenda usaili wa tamthilia ya Fumo Liyongo, nataka nafasi ya mamake, pale anapokwenda kisimani kumbembeleza mwanawe. Maneno nimeyahifadhi, hata nikikuna nazi nayasema.

Tulingoja barazani watu kumi na wanne, kila mtu na karatasi yake, midomo inachezacheza kama tunavuta uradi. Kila anayeingia namsikia kupitia mlangoni, na kila mmoja namwona kanishinda. Nilipoitwa, ulimi ulishakauka. Watu watatu mezani, mmoja anaandika. Kalamu ile! Kila ikigusa karatasi neno lanitoka. Nilianza kwa kulia kama nilivyofanya mazoezi. Machozi hayakuja, nikakaza sauti, ikakatika. Wakasema, "Ahsante." Nikapita Mkunguni hata salamu za watu sikujibu.

Jana wamenipigia simu nirudi Jumamosi. Nimefurahi, lakini mikono yatetemeka hata sasa. Nifanyeje?

Jukwaa_Malindi:
Hongera dada. Hawakuiti tena kwa huruma, kuna kitu wamekiona. Kutetemeka hakuishi; mimi ni mwaka wa tisa huu na tumbo bado hunisokota. Toa pumzi polepole, ndefu kuliko ulivyoivuta, nyayo zote zikanyage chini. Usikae karibu na mlango kusikiliza wenzio. Ukipotea, sema, "Naomba nianze tena." Sijamwona aliyekatwa kwa hilo.

Bi_Mkubwa_Shela:
Mwanangu, mie si mwigizaji, lakini hadithi hii tumelelewa nayo. Kosa lako ni kile kilio. Liyongo alidungwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe wa kumzaa, akaenda kisimani, akapiga goti na uta mkononi, akafa vivyo hivyo. Watu wakakhofu kuteka maji, wakidhani yu hai na ana ghadhabu. Ndivyo ilivyo hata katika utenzi wa Muhammad Kijumwa, wa papa hapa Lamu, wa mwaka 1913. Mama akaitwa amtulize. Hajui kama mwanawe keshakufa! Utamlilia vipi mtu ambaye kwako yu hai? Mama akimbembeleza mwana aliyekasirika hushusha sauti, humwita jina la utotoni. Kilio kije pale anapoona hajibiwi.

Jukwaa_Malindi:
Shikamoo Bi Mkubwa. Dada, shika hilo, yangu yote weka kando.

Binti_Langoni:
Bi Mkubwa, nimesoma nikakaa kitako. Kumbe nilikuwa nawalilia wale watatu wa mezani! Nimejaribu sasa hivi: nimeweka ndoo ya maji mwisho wa ukumbi, nikapiga magoti mbali nayo, nikasema taratibu bila chozi. Kalamu sikuikumbuka kabisa. Nilipofika, "Mwanangu, niitikie," mdogo wangu akaitika kutoka chumba cha pili, "Labeka!"