Naomba ushauri: vishikwambi kliniki ya afya ya akili

Habari za kazi wapendwa. Mimi ni muuguzi kliniki ya afya ya akili, mkoani Mbeya. Tumeletewa vishikwambi ili mgonjwa ajaze mwenyewe dodoso la PHQ-9 (maswali tisa ya kupima dalili za sonona) kabla ya kumwona daktari. Vijana wanamaliza upesi. Juzi bibi mmoja alikishika kwa mikono miwili, kisha akampa mjukuu amjazie. Swali la 9, la mawazo ya kujidhuru, mjukuu akaweka "hapana kabisa" bila kumuuliza. Nilipokaa na bibi faragha, jibu lilikuwa jingine.

Nimejaribu kuwasomea mwenyewe wasiojua kusoma, ila foleni inafika nje, na waliojaza wenyewe ndio wanaotangulia kuitwa. Hilo linaniumiza sana.

Wenzangu mnapangaje foleni ili asiyejua kusoma asiachwe nyuma? Na swali la 9, mnamuuliza kila mtu kwa mdomo?