Hilux ya zamani inatetemeka kuanzia 80: matairi, krosi, senta beringi au propela nzima?

Kibo_Dizeli (Moshi)
Wakuu, habari za jioni. Nina Hilux double cabin ya miaka ya 90, dizeli. Mjini haina shida yoyote. Nikitoka Boma Ng'ombe kuelekea uwanja wa ndege wa KIA, ikigusa 80 km/h sakafu inaanza kutetemeka. Kwenye 95 kioo cha kati kinacheza mpaka siisomi namba ya gari ya nyuma, ikivuka 105 inatulia kidogo. Usukani umetulia muda wote.

Fundi wa kwanza kasema nibalansi matairi. Wa pili anataka krosi zote, yaani viungo vya propela (ile shafti ndefu inayopeleka nguvu ekseli ya nyuma), na senta beringi inayoishika katikati. Wa tatu ana propela ya mtumba, anasema nifunge nzima nimalize kesi. Hela iliyopo inatosha njia moja kwa sasa. Nianze na ipi?

Fundi_Kaloleni (Arusha)
Pole kaka. Usitoe hela bado, ipime kwanza barabarani. Tafuta sehemu iliyonyooka isiyo na magari mengi, ishike 95 kwa gia ya tano, kisha ingiza ya nne bila kubadili mwendo. Injini itapiga kelele zaidi. Kama mtetemo umebaki vilevile, achana na injini na klachi, tatizo linafuata mwendo wa gari. Halafu weka frii kwa sekunde chache. Ukiendelea kutetemeka, kuna kitu kinachozunguka bila balansi, tairi au propela. Ukikata palepale, shuku krosi, pembe za propela au difu (gia za ekseli ya nyuma). Fanyia tambarare, si kwenye mteremko wa Kikafu.

Sasa kutofautisha tairi na propela. Tairi la gari yako lina mzunguko wa kama mita 2.2. Kwa 90 km/h linazunguka mara 11 na ushee kwa sekunde. Kama difu ni ya 4.1, yaani propela inazunguka mara 4.1 kwa kila mzunguko wa tairi, propela kwa mwendo huohuo inazunguka mara 46 hivi. Kwa hiyo tairi linakutikisa, mapigo yake unayasikia moja moja. Propela inakuletea mvumo wa haraka kwenye nyayo na kwenye kiti. Wewe unasikia upi?

Mama_Tengeru
Namuunga mkono fundi kwenye kupima, ila kaka usiruke matairi. Usukani kutulia kunakuondolea matairi ya mbele tu. Ya nyuma yakiwa mabovu yanatikisa kiti, usukani haujui lolote. Na msimu huu wa mvua chungulia ndani ya rimu. Udongo wetu mweusi ukikaukia upande mmoja, balansi imeshaharibika. Mimi huwa naosha kwa presha upande wa ndani kabla ya kumlipa mtu. Ukitaka uhakika, hamisha matairi ya nyuma yaende mbele. Mtetemo ukihamia kwenye usukani, umepata jibu bila kununua kitu.

Dereva_Himo
Mimi nasema propela nzima. Gari ya kazi haina muda wa kufunguliwa kila wiki. Unatoa, unafunga, unarudi barabarani.

Fundi_Kaloleni (Arusha)
Mkuu wa Himo, nakuelewa, lakini hiyo ya mtumba nayo ina krosi ambazo hujui zimekula kilomita ngapi. Ikiwa fupi au ndefu kidogo, au flanji (sahani za kufungia boliti) hazilingani matundu, hela imekwenda. Ningeikubali tu kama ya sasa imepinda au bomba lake limebonyea.

Kibo, lala chini ya gari. Weka vizuizi kwenye matairi, gia iwe frii, handibreki iwe chini. Shika pande zote mbili za kila krosi uzipindishe kinyume. Mchezo wowote hapo, krosi imeisha. Ukiona vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vyake, grisi ilishakauka siku nyingi. Sogeza senta beringi juu na chini. Raba yake inaruhusiwa kulegea kidogo, ila isiwe imechanika. Mwisho papasa bomba la propela. Ukikuta alama ndogo ya mraba yenye madoa ya weldi lakini kipande cha chuma hakipo, ile ilikuwa ndiyo balansi yake, imedondoka.

Kibo_Dizeli (Moshi)
Ahsanteni sana. Majibu: gia ya nne haikubadili kitu. Ni mvumo wa haraka. Nikiweka frii unapungua sana. Matairi nimehamisha, usukani bado umetulia. Krosi ya nyuma ina mchezo na ina huo unga mwekundu, nyingine ngumu. Raba ya senta nzima. Nilisahau kusema kwamba mwaka jana niliongeza majani ya springi nyuma kwa ajili ya mizigo.

Fundi_Kaloleni (Arusha)
Basi njia yako ni krosi ya nyuma peke yake, mpya, yenye nipeli ya grisi. Senta beringi iache.

Kabla hujafungua, piga alama za rangi kwenye flanji na kwenye splaini (meno ya pale vipande vya propela vinapoingiliana). Ukirudisha splaini jino moja pembeni, uma za propela (zinazoshika krosi) hazitatazamana, na utapata mtetemo mbaya kuliko huu.

Majani uliyoongeza yameinua bodi na kubadili pembe ya difu. Huenda ndiyo yaliyoimaliza krosi mapema. Funga krosi, endesha ukiwa mtupu, kisha ukiwa na mzigo. Ukitetemeka mtupu tu, tafuta kabari za chuma za kuweka kati ya ekseli na springi ili kurekebisha pembe. Ukitetemeka hali zote mbili, hapo ndipo upeleke propela ikabalansiwe kwenye mashine, ikiwa na krosi mpya ndani.

Binti_Machame
Samahani kuingilia. Corolla yangu haina propela, inatetemeka nikikanyaga mafuta tu, nikiachia inatulia. Hayahaya yanahusu?

Fundi_Kaloleni (Arusha)
Hapana dada. Kwako shuku joint ya ndani ya shafti inayozungusha tairi la mbele, upande wa gia boksi. Ile ya nje hugonga ka-ka-ka ukikata kona. Angalia raba zake kama zimepasuka na grisi imerukia kwenye rimu.