Kitenzi kimoja, nomino nyingi: katika Kijerumani nichague ipi?

Binti_Mitwero

Habari za jioni ndugu zangu, na shikamooni wakubwa wote mliomo humu. Ninajifunza Kijerumani nikiwa hapa Lindi, kwa lengo la kufanya mtihani wa ngazi ya B1 na baadaye kuomba nafasi ya mafunzo ya uuguzi Ujerumani. Minyambuliko ya vitenzi nimeizoea kiasi cha kutosha, lakini kugeuza kitenzi kiwe nomino bado kunanitatiza.

Kwa sasa ninasoma habari za Tendaguru kwa Kijerumani, kwa kuwa ni jambo la kwetu na kisa chake ninakifahamu: wataalamu wa makumbusho ya Berlin walichimba mifupa ya dinosaria kule kati ya mwaka 1909 na 1913, na mifupa hiyo ikabebwa na wapagazi hadi bandari ya Lindi. Kitenzi kinachojirudia katika maandishi hayo ni "graben", yaani kuchimba. Tatizo ni kwamba kikishageuzwa kuwa nomino ninakutana na "das Graben", "der Graben", "die Grabung", "die Ausgrabung", "die Grube", "das Grab" na "der Ausgräber". Jinsia zote tatu zimo, na maana zinakaribiana kiasi kwamba sijui ipi itumike wapi.

Ninaomba kufahamishwa mambo mawili. Kwanza, je, kuna kanuni inayonijulisha jinsia ya nomino iliyotokana na kitenzi, au ni lazima nikariri neno moja moja? Pili, ikiwa kitenzi chochote kinaweza kuwa nomino kwa kuwekewa "das" na herufi kubwa tu, kuna haja gani ya kuhangaika na hizo nyingine?

Mwalimu_Mikindani

Marahaba, binti. Swali lako la pili ndilo lenye uzito, na ukilielewa, la kwanza litajijibu kwa sehemu kubwa.

Ni kweli kwamba kitenzi cha Kijerumani katika umbo lake la kamusi kinaweza kugeuka nomino bila kuongezewa kiambishi chochote. Unaandika herufi ya kwanza kwa kubwa, unaweka kibainishi "das", na kazi imekwisha: "lesen" inakuwa "das Lesen", "aufstehen" inakuwa "das Aufstehen". Jinsia yake daima ni ile isiyo ya kike wala ya kiume, na kwa kawaida haina wingi. Hata hivyo, nomino ya namna hii inataja tendo lenyewe likiwa linaendelea, bila kulitazama mwanzo wala mwisho wake. "Das Graben" ni kuchimba kama shughuli: majembe yanapanda na kushuka, jasho linatoka, na hatujaambiwa kama kuna kilichopatikana. Ndiyo maana umbo hili hupatana sana na "beim" na "zum". "Beim Graben" ni wakati wa kuchimba, na "zum Graben" ni kwa ajili ya kuchimba. Zingatia kwamba "zum Graben" huandikwa kwa herufi kubwa kwa sababu ndani ya "zum" kumejificha kibainishi, ilhali "zu graben" ni kitenzi na hubaki na herufi ndogo. Hapo wanafunzi wengi hupoteza alama katika insha.

Nomino zenye kiambishi tamati "-ung" zina kazi tofauti. Hizi hulitazama tendo kama tukio zima, lenye mwanzo na mwisho, linaloweza kuhesabiwa, kupangwa na kugharamiwa. "Die Ausgrabung" ni uchimbaji kama mradi, kwa mfano ule ulioongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. "Die Grabung" inakaribiana nayo sana, na wataalamu wa mambo ya kale huitumia kwa kazi ya uchimbaji inayofanyika mahali fulani. Mara nyingi "-ung" huvuka tendo ikaja kutaja matokeo yake. Chukua "sammeln", yaani kukusanya. "Das Sammeln" ni kule kukusanya, lakini "die Sammlung" ni mkusanyo wenyewe, vitu vilivyopangwa kabatini. Mifupa ya Tendaguru leo imo katika "Sammlung" ya makumbusho ya Berlin. Haiwezi kuwa katika "Sammeln". Nomino hizi zote ni za kike na wingi wake ni "-ungen". Usidanganywe na "der Sprung", yaani mruko, kwa maana "ung" ile ni sehemu ya mzizi wa neno na si kiambishi.

Za "-er" humtaja mtendaji au chombo, na ni za kiume: "der Ausgräber" ni mchimbaji, "der Träger" ni mpagazi, kutoka "tragen". Irabu hupata nukta mbili katika baadhi ya maneno na katika mengine haipati; "fahren" hutoa "der Fahrer" bila nukta. Hilo ni la kukariri. Mwanamke huongezewa "-in".

Zinazobaki hutokana na mzizi wenyewe, na hapo ndipo lugha hii inapofurahisha. "Finden", kupata, hutoa "der Fund", yaani kitu kilichogunduliwa. "Fliegen" hutoa "der Flug", "gehen" hutoa "der Gang", "werfen" hutoa "der Wurf". Irabu inageuka na nomino karibu zote za kundi hili ni za kiume. Zikiishia kwa "-t" aghalabu ni za kike: "die Fahrt", "die Schrift", "die Ankunft". Zikiishia kwa "-e" nazo huwa za kike: "die Reise", "die Hilfe", "die Suche", na hiyo "die Grube" uliyoiona, ambayo ni shimo lililochimbwa. "Der Graben" ni mtaro au handaki, na wingi wake ni "die Gräben". "Das Grab" ni kaburi. Haya mawili yachukue kama maneno ya vitu, kwa sababu yameshaachana na tendo.

Mswahili hapaswi kuogopa mabadiliko ya irabu, kwa kuwa yeye mwenyewe hubadili konsonanti kila siku: pika hutoa mpishi, jenga hutoa mjenzi, fuata hutoa mfuasi.

Muuguzi_Ndanda

Dada, kwa kuwa umesema unaelekea kwenye uuguzi, ninaongeza upande wa hospitali, kwa sababu huko nomino hizi zimejaa kwenye kila karatasi. Kwenye maelezo ya dawa utaona "die Einnahme", umezaji wa dawa, kutoka "einnehmen". Utaona "die Blutabnahme", utoaji wa damu kwa ajili ya kipimo, kutoka "abnehmen". Mgonjwa akilazwa ni "die Aufnahme", akiruhusiwa kwenda nyumbani ni "die Entlassung". Kubadilisha bandeji ni "der Verbandwechsel", na huduma yote kwa ujumla ni "die Pflege", kutoka "pflegen". Hakuna anayeandika "das Entlassen" katika faili la mgonjwa, kwa sababu faili linahitaji jina la tukio lililotokea tarehe fulani na saa fulani, kama Mwalimu alivyoeleza.

Jambo ambalo ningekuomba ulisome kwa makini ni umilikishi. "Die Untersuchung des Patienten" ni uchunguzi wa mgonjwa, na mgonjwa ndiye anayechunguzwa. "Die Untersuchung des Arztes" ni uchunguzi wa daktari, na kwa kawaida daktari ndiye anayechunguza. Umbo ni lile lile, ila kazi za wahusika zimegeuka, nasi katika Kiswahili tuna utata huo huo, kwani "wa" inawabeba wote wawili. Wajerumani wanapotaka kuuondoa utata huo huongeza "durch": "die Untersuchung des Patienten durch den Arzt". Jizoeze muundo huo mapema. Katika ripoti ya zamu, ni lazima ieleweke mara moja nani alifanya na nani alifanyiwa.

Mzee_wa_Newala

Nimefuatilia kwa furaha kubwa kuona vijana wa Kusini wakijadili sarufi kwa utulivu namna hii. Ninakubaliana na Mwalimu kwa mengi, lakini ninataka kuweka mipaka kwenye huko kufananisha na Kiswahili, kwa sababu ufananisho unasaidia mwanzoni na baadaye unapoteza.

Kitenzi-jina chetu kina nguvu ambayo "das Graben" haina. Sisi tunasema "kuichimba mifupa", na ndani ya neno moja kuna kiambishi cha mtendwa. Tunasema "kutochimba", na ukanushi umo ndani. Yaani kitenzi chetu kikiwa nomino bado kinabaki na tabia zake za kitenzi. Cha Kijerumani kikishavaa "das" na herufi kubwa, kinaingia kwenye ukoo wa nomino moja kwa moja. Yambwa yake, yaani kile kinachotendewa, haiwezi tena kukaa kando yake bila msaada. "Die Knochen ausgraben" ni kuchimbua mifupa. Ukigeuza, lazima useme "das Ausgraben der Knochen", na yambwa imekuwa milikishi. Njia nyingine ni kuliunganisha neno likawa moja: "Auto fahren" inakuwa "das Autofahren", na kuchelewa kufika kunakuwa "das Zuspätkommen". Ukanushi nao hubandikwa mbele, kama katika "das Nichtrauchen". Kielezi hugeuka kivumishi na kupokea viambishi vya kivumishi: "lange warten" ni kusubiri kwa muda mrefu, lakini nomino yake ni "das lange Warten". Kwa hiyo mtu anayefikiri "ku- ni sawa na das" atatunga sentensi zenye mifupa ya Kiswahili.

Vilevile kuna umbo ambalo halijatajwa, nalo ni la dharau. Kiambishi "Ge-" mbele na "-e" nyuma, kama "das Gerede" kutoka "reden", humaanisha maneno mengi yasiyo na maana. "Die Fragerei" ni kuuliza-uliza kunakochosha. Ukiyakuta yaelewe, lakini usiyaandike kwenye mtihani wala kumwambia mgonjwa.

Na kwa kuwa tumeanza na Tendaguru: binti, utakapoandika kuhusu "der Ausgräber", usilibakize neno hilo kwa Janensch na Hennig peke yao. Boheti bin Amrani aliyewasimamia wachimbaji alikuwa na ujuzi wa kuitoa mifupa ardhini na kuiandaa, na mimi ningemwandika "Ausgräber" bila kusita. Sarufi inasema ni yule atendaye tendo.

Binti_Mitwero

Asanteni sana, Mwalimu, Mzee na dada wa Ndanda. Nimetunga sentensi kwa kufuata maelezo yenu, na ninaomba mzipitie.

Ya kwanza: "Beim Graben fanden die Arbeiter viele Knochen."
Ya pili: "Die Ausgrabung von den Knochen dauerte mehrere Jahre."
Ya tatu: "Nach dem Finden der Fundstelle kamen die Forscher nach Lindi."
Ya nne: "Ich bedanke mich für das Helfen."

Mwalimu_Mikindani

Mzee, shikamoo, na nimekuelewa; mipaka uliyoiweka ni ya haki, hasa kuhusu yambwa.

Binti, ya kwanza ni sahihi kabisa, na "beim" umeitumia mahali pake. Ya pili inaeleweka na watu huongea hivyo, lakini katika maandishi rasmi tumia umilikishi: "die Ausgrabung der Knochen". Wanaosahihisha insha huliangalia hilo.

Ya tatu haina kosa la viambishi, lakini haikubaliki masikioni, kwa sababu "das Finden" ni tendo lisilo na ukomo ilhali wewe unataja tukio moja lililotokea: mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Wilhelm Sattler aliiona mifupa ile, na habari zikaenea hadi Berlin. Tukio kama hilo lina nomino yake, "die Entdeckung", kutoka "entdecken". Andika: "Nach der Entdeckung der Fundstelle kamen die Forscher nach Lindi." Na ukitaka kulirefusha kwa kitenzi, utasema "Nachdem man die Fundstelle entdeckt hatte". Jizoeze kwenda na kurudi kati ya miundo hii miwili, "nachdem" na "nach", "bevor" na "vor", "während" na "bei", kwa maana maandishi ya ofisini hupendelea nomino na mazungumzo hupendelea kitenzi.

Ya nne inahusu swali lako la pili moja kwa moja. Kitenzi "helfen" tayari kina nomino iliyozoeleka, "die Hilfe", na panapokuwa na nomino ya namna hiyo, umbo la "das" hurudi nyuma na kubaki na maana ya tendo tu. Shukrani hutolewa kwa msaada uliopokelewa. Sema: "Ich bedanke mich für Ihre Hilfe." Vivyo hivyo sema "die Arbeit" na usijaribu kuunda "Arbeitung", kwa kuwa si kila kitenzi hupokea "-ung", sema "der Kauf" kwa ununuzi, na "die Frage" kwa swali.

Kila unapojifunza kitenzi kipya, kiandike daftarini pamoja na nomino zake zote zilizozoeleka na vibainishi vyake kwenye mstari mmoja, kisha chini yake andika sentensi moja kwa kila nomino. Anza na "untersuchen", "pflegen" na "entlassen", ambavyo utavihitaji kazini, halafu uzilete sentensi hizo hapa.

Muuguzi_Ndanda

Kwenye mstari wa "pflegen" ongeza na "der Pfleger" na "die Pflegerin", na pia "der Pflegende" na "die Pflegende", ambazo zimetokana na umbo la kitenzi lenye "-end". Hizi mbili za mwisho hubadilika kama vivumishi: "der Pflegende" lakini "ein Pflegender". Utazikuta kwenye matangazo ya nafasi za mafunzo, mara nyingi kwa wingi, "die Pflegenden" au "die Auszubildenden", kwa sababu katika wingi zinawajumuisha wanaume na wanawake kwa neno moja.